Sebule Yenye Propela

Jumatatu, 2 Juni

Nimepewa siku kumi na mbili. Si na daktari. Na Marlys, mke wangu.

Kaandika tangazo kwa mkono wake na kulibandika kwenye mlango wa friji kwa ile sumaku ya kuku: INAUZWA. Ndege ya injini moja, viti viwili, ya mwaka 1966. Imetunzwa kupita kiasi.

Kupita kiasi!

Anasema nina ndege mwaka wa tano huu na yeye hajawahi kuipanda hata mara moja, kwa sababu kila akiwa na safari ndege iko vipande vipande. Jumamosi ya tarehe 14 dada yake Jolene anakusanya ukoo mzima kwenye Ziwa Okoboji. Ama Marlys atashuka pale kutoka kwenye ndege hii, ama tangazo litatoka kwenye friji kwenda kwenye ubao wa matangazo wa uwanja wetu wa ndege.

Nilimjibu kwa hoja. Nilikuwa nazo saba. Alitoka jikoni nikiwa kwenye ya pili.

Nauandika ukweli hapa, maana kwingine hausikilizwi: ndege yangu haijawahi kuharibika. Inaboreshwa. Taifa zima limesahau tofauti hiyo. Nimeiwekea skrini mbili. Nimeiwekea mtambo wa kuifanya ijiongoze yenyewe angani, ambao sijapata nafasi ya kuuwasha. Viti vya ngozi ya ng'ombe, vikubwa, vyenye mikono. Zulia. Spika nne. Ubao wa mti wa jozi wenye mashimo mawili ya vikombe.

Sasa iko kwa Bi Ardith kwa ukaguzi wa mwaka. Bi Ardith ana miaka sabini na moja na ndiye fundi pekee hapa Dry Fork mwenye ruhusa ya kutia sahihi kwenye kitabu cha ndege. Asipotia sahihi, huruki. Nilipofika nilimkuta Orrin Blecha wa banda namba saba kaingiza kichwa ndani ya ndege yangu. Orrin ni mwembamba kama ufagio, na ndege yake haina hata saa. Akitaka kujua hali ya hewa anatoa pua dirishani. Aliniuliza televisheni nitaiweka wapi. Kisha akawatangazia waliokuwepo: "Hii si ndege, jamani. Hii ni sebule yenye propela."

Wakacheka. Hata mbwa wa Bi Ardith alionyesha meno.

Akaila kolache yangu, andazi langu la plamu. Sikumkaribisha.

Jumanne, 3 Juni

Balaa. Bi Ardith kaipima.

Nilipinga tangu mwanzo. Uzito wa ndege upo kwenye kitabu, umeandikwa vizuri: ratili 1,061. Akauliza nani aliupima. Nikafungua. Hakuna aliyepima! Tangu kiwandani, karibu miaka sitini, kila fundi amekuwa akijumlisha na kutoa kwenye karatasi. Ametoa redio, kaandika. Ameweka redio, kaandika. Bi Ardith akasema karatasi inabeba kila kitu ila bawa halibebi karatasi.

Akamwaga petroli yote. Akafunga milango ya banda upepo usiingie. Akaweka mizani tatu, bapa kama sinia, moja chini ya kila gurudumu. Namba zinatokea kwenye kisanduku chenye tarakimu nyekundu.

1,178.

Nilimwambia ni upepo unaokandamiza. Akanionyesha milango imefungwa. Nilimwambia ni mbwa. Mbwa alikuwa nje.

Ratili mia moja na kumi na saba za ziada! Tukaanza kuzitafuta. Matabaka matano ya rangi. Waya za redio tatu zilizokufa zamani. Spana ya marehemu fulani. Kiota cha panya mkiani, ratili moja na nusu, kimejengwa kwa ustadi. Nyingine zote, kasema Bi Ardith, ni sebule.

Ndege hii hairuhusiwi kuzidi ratili 1,600 inapopaa. Akafanya hesabu mbele yangu kwa penseli. Ndege yenyewe. Petroli, tangi likijaa. Mimi, 236 pamoja na viatu. Kinachobaki kwa abiria: ratili hamsini na moja.

Marlys si ratili hamsini na moja. Mguu wake pengine.

Bi Ardith akasema nisijaze tangi. Galoni kumi na tano zinatosha kufika Okoboji na akiba inabaki. Hapo abiria anapata ratili tisini na sita. Akauliza mke wangu ana uzito gani.

Nikasema sijui.

Akasema, muulize.

Nimeoa miaka ishirini na sita. Mimi si mwendawazimu.

Jumatano, 4 Juni

Nimeandika barua ya kurasa nne kwa kamati ya uwanja. Kichwa: "Dhuluma ya Mizani." Nimeeleza kwamba uzito uliokubaliwa na mafundi kumi na mmoja hauwezi kupinduliwa na mwanamke mmoja na sinia tatu. Nimetaja utawala wa sheria. Nimetaja Roma.

Niliwaza pia kuruka tu na kunyamaza. Nani atajua? Bi Ardith akasoma uso wangu. Akanishika bega, akanigeuza kuelekea mwisho wa njia ya kurukia, yalipo maghala ya mahindi, marefu, ya zege. Akasema ndege nzito siku ya joto inapanda polepole, na yale maghala hayajasoma barua yangu.

Basi nikapendekeza kupunguza. Nikang'oa visahani vya majivu. Nikatoa kalamu mbili, ramani, kiota, spana. Jumla, ratili nne, na Bi Ardith akasema hizo hazihesabu. Nikachukua msasa nianze kukwangua rangi tumboni. Bi Ardith akaninyang'anya msasa.

Ushauri wake: toa viti vya ngozi, rudisha vile vya zamani vinavyoning'inia kwenye dari lake. Toa mtambo wa kujiongoza. Saa mbili za kazi. Nilimwuliza kama angemshauri mchoraji akate nusu ya picha ili itoshe ukutani. Akasema ndiyo, kama picha inaanguka.

Orrin alikuwepo. Orrin yupo kila mahali. Akasema yeye ana ratili 132, na meno ya bandia yakiwa mdomoni. Nani alimuuliza?

Alhamisi, 5 Juni

Mbinu mbili kwa pamoja. Ya kwanza: mimi mwenyewe nipungue. Supu ya kabeji asubuhi, mchana, jioni. Marlys aliangalia sufuria, akaniangalia mimi, akauliza kama nina ugonjwa au nina mwanamke. Nikasema sina vyote viwili. Akasema harufu inaonyesha ugonjwa.

Ya pili: niujue uzito wa Marlys kisayansi, bila yeye kujua. Kule ghalani tuna magunia ya chumvi ya kusafishia maji, ratili arobaini kila moja. Nilibeba matatu kwa mpigo kupata kipimo cha mikono. Kisha nikaingia jikoni, nikamkumbatia Marlys kwa nyuma, nikamnyanyua.

Alicheka! Akasema, "Wewe mzee, kumbe bado upo?" Akanishika shingo. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote tangu Krismasi. Nami ningeiacha iendelee, lakini kumbe nilikuwa nanong'ona.

Akauliza nanong'ona nini.

Nikasema, mapenzi.

Akasema amesikia "magunia matatu na nusu."

Nimekula supu yangu kwenye karakana.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kilichotokea. Ukweli wote, bila kujitetea, ingawa sikukosea.

Kila Jumamosi marubani wanakunywa kahawa ofisini kwa Bi Ardith. Mizani bado zilikuwa bandani, na kile kisanduku cha namba kilikuwa mezani kwake, kinapokea bila waya. Namba ya mwisho hubaki pale mpaka mtu aifute. Mpango wangu ulikuwa safi kama maji. Niliweka sinia moja mlangoni mwa banda, nikatandika juu yake lile zulia la kufutia miguu. Nikamwalika Marlys aje aone viti. Nikamwomba asimame hapo hapo kwanza, kwenye mwanga mzuri. Yeye akisimama, mimi naenda kumletea kahawa, nasoma namba kimya kimya, naifuta, basi.

Nilichosahau: ni nani anakaa karibu na kisanduku.

Orrin Blecha alikuwa mnadi wa ng'ombe miaka thelathini. Sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza. Tarakimu zikawaka mbele ya kikombe chake. Mazoea yakamshika. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mia na arobaini na nane! Nina mia arobaini na nane hapa, mnyama mzuri, miguu imara, nani anaongeza? Nani anaongeza?"

Marlys akauliza leo kuna mnada?

Nilijua lazima nimtoe pale haraka. Nikamrukia nimsukume pembeni. Nikatua kwenye zulia.

"Lo! Mia tatu themanini na nne! Amepata mwenzake! Wawili kwa mpigo, wanauzwa pamoja! Kwa mara ya kwanza, kwa mara ya pili... wameuzwa!"

Makofi kutoka ofisini. Makofi ya kweli.

 Marlys alitazama miguu yake. Akatoka kwenye zulia. Ofisini Orrin akatangaza kwamba mmoja ametoroka. Marlys akainama, akalishika zulia kwa vidole viwili, akalifunua.

 Hata mfuko wa kupimia upepo, ule wa kitambaa juu ya mlingoti, ulilegea.

Jumapili, 8 Juni

Ananiita Bwana Tesar. Miaka ishirini na sita nimekuwa Wendell. Leo mezani: Bwana Tesar, nipe chumvi.

Tangazo halipo kwenye friji. Lipo kwenye ubao wa uwanja, nimeliona kwa macho yangu. Chini kaongeza: kuanzia tarehe 15, ikiwa. Ameiacha hivyo tu. Ikiwa. Daktari wa meno kutoka mji wa jirani ameshapiga simu. Anataka kuja kuiona Jumapili ijayo. Aliniuliza kama viti vinatoka. Nikakata simu.

Orrin alikuja nyumbani na boga, kuomba radhi. Hakuomba kwangu. Alimwambia Marlys, "Shemeji, nisamehe, mimi niliona namba tu, sikujua kuna mtu mwenye hadhi juu yake." Na akaapa kwamba maishani hajawahi kuona namba yenye afya vile. Marlys akacheka! Akamkaribisha kiti. Mimi nimeishi na mwanamke huyu robo karne, nikisema namba nalala karakana. Yeye kaitangaza kwa sauti ya mnada na anapewa kipande cha keki.

Jumanne, 10 Juni

Bi Ardith anasema sasa kazi ni rahisi, maana namba ya Marlys inajulikana na wilaya nzima.

Penseli tena. Mke 148. Nafasi iliyopo 96. Pungufu, ratili hamsini na mbili. Mimi nimeshapungua nne kwa supu. Zimebaki arobaini na nane. Viti vya ngozi, vikitolewa na vya zamani vikirudi, vinaokoa thelathini na sita. Mtambo wa kujiongoza, kumi na nne. Jumla hamsini. Inatosha kabisa, na ratili mbili zinabaki za pochi. Mizigo ipite barabarani kwa mtu mwingine.

Nikamwambia nitapungua zote arobaini na nane mwenyewe kufikia Ijumaa. Akasema kwa hiyo nikate mguu. Hakuonekana kutania.

Kisha akasema ipo njia nyingine, bila kung'oa hata skrubu. Akageuka akamtazama Orrin, aliyekuwa anajisafisha kucha kwa bisibisi. Orrin rubani, ratili 132. Tangi hadi juu. Abiria anapata ratili 155. Marlys anaingia na pochi ya ratili saba.

Yaani ndege yangu inambeba kila mtu ila mimi!

Nilisema maneno. Nilisema kuhusu mali ya mtu, kuhusu ndoa, kuhusu wanadi wa ng'ombe kwa jumla. Orrin alisikiliza yote mpaka mwisho, akasema, "Mzee, mimi sina neno. Lakini kile kiti kina mikono kama cha kinyozi. Ningependa kukijaribu."

Alhamisi, 12 Juni

Marlys amekuja mwenyewe uwanjani. Kasimama mlangoni, nje ya zulia. Mbele ya Bi Ardith, mbele ya Orrin, kaongea nami kwa sauti ya chini kabisa, ile mbaya. Kasema, sikiliza, Wendell (Wendell!), mimi sijali namba tena. Nataka kwenda kwa dada yangu na mume wangu, kwenye hii ndege unayoipenda. Bi Ardith anasema ni saa mbili za kazi. Toa viti, toa hicho kimtambo, twende mimi na wewe. Ama baki na viti, nitaenda na Orrin. Chagua.

 Bi Ardith akaishika bisibisi.

Naandika hapa kilichopita kichwani mwangu, kwa uaminifu. Nilimwona Marlys amevaa ile skafu ya bluu. Niliona nafasi yangu. Nilifungua mdomo kusema ndiyo.

Kisha nikavitazama viti. Ngozi halisi. Mshono wa mikono. Nikawaza: nikisalimu amri leo kwenye viti, kesho ni spika. Keshokutwa ni mbao za jozi. Hivyo ndivyo ustaarabu unavyoanguka, kitu kimoja kimoja, na kila mara kuna mtu mwenye penseli anayesema inatosha kabisa.

Nikasema mimi nasimamia kanuni.

Marlys akaniuliza kama kanuni ni viti.

Nikasema ni kubwa kuliko viti.

Akatikisa kichwa. Akamgeukia Orrin, akamwuliza saa ngapi Jumamosi. Orrin hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Akasema saa mbili asubuhi, shemeji, kabla jua halijawa kali. Bi Ardith akatia sahihi kwenye kitabu bila kunitazama.

Nimeshinda hoja. Nyumba ni kimya sana.

Jumamosi, 14 Juni

Wamepaa saa mbili na dakika nne.

Nilishika bawa mpaka mwisho, nikimwelekeza Orrin kila kitufe. Alisema ndiyo mzee, ndiyo mzee, kisha akafunga mlango. Ndege ilipita maghala ya mahindi juu sana, kama imerushwa na kombeo. Haijawahi kuruka hivyo nikiwa ndani. Bi Ardith akasema, "Unaona?" Nikasema ninaona injini nzuri niliyoitunza mimi.

Kisha muda wa saa nne nzima barabarani. Mimi, masanduku mawili, bakuli la saladi ya viazi nimelifunga mkanda kwenye kiti cha mbele, na boga. Nyuma ya trekta kuanzia mji wa Wayne hadi karibu na mto. Mara moja nilisikia mlio wa ndege juu nikatoa kichwa dirishani. Ilikuwa ya dawa za mashamba. Saladi ilimwagika.

Nilipofika wameshakula. Marlys amesimama ufukweni amezungukwa na ukoo mzima, mikono hewani, anaonyesha jinsi mto ulivyojikunja chini yao. Uso wake ulikuwa kama wa msichana. Nilisimama na bakuli langu nyuma ya watu. Hajawahi kusimulia kitu changu chochote namna ile.

Orrin alikuwa amekaa kando anakula. Kasema amewasha ule mtambo juu ya mto. Unafanya kazi! Ndege ikajiongoza yenyewe nusu saa. Kisha akauzima, akamwachia Marlys usukani dakika arobaini, na anasema mke wangu ana mkono mtulivu kuliko marubani wote wa Dry Fork, akinitazama aliposema wote. Na kuhusu kiti, alisema kwa dhati, makalio yake hayajawahi kuheshimiwa hivi maishani.

Nikawageukia mashahidi. Nikauliza kama wamesikia. Viti! Mtambo! Mjomba mmoja akaniuliza mimi ni nani.

Jioni Marlys alikuja kukaa na mimi kwenye gati. Akaniambia tangazo nilibandue Jumatatu. Yeye mwenyewe keshamwambia daktari wa meno asije. Ndege haiuzwi. Ameongea na Bi Ardith kwa simu: kuanzia Jumanne anajifunza kurusha, na Orrin ndiye atakayekaa naye, maana kumbe Orrin ana leseni ya ualimu tangu zamani na hakuwahi kumwambia mtu. Nikamwuliza, na mimi? Akanipigapiga goti. Akasema mimi nitatunza.

Akaegemea bega langu. Hakuniita bwana.

Jumapili, 15 Juni

Nyumbani. Peke yangu garini tena, muda wa saa nne, nafasi nzuri ya kufikiri.

Nimelipitia jambo zima kwa haki, bila upendeleo, na matokeo yako wazi: nilikuwa sahihi kwa kila kitu. Ningemsikiliza Bi Ardith, viti visingekuwepo, mtambo usingewashwa, Marlys asingependa kuruka, na leo ndege ingekuwa ya daktari wa meno. Kilichoiokoa ni maboresho. Nitaiandikia kamati barua ya pili.

Tena Marlys alitaja kitu kimoja tu, jana, wakati anasimulia. Kwamba kule juu kulikuwa na kibaridi.

Nimeshaagiza. Mito miwili ya umeme ya kupasha viti joto, na betri yake. Ratili kumi na nane tu. Nimefanya hesabu mwenyewe, kwa penseli, mara mbili. Inakaa vizuri kabisa.

Itabidi tu Orrin apungue ratili kumi na moja.